VITA VIKIISHA, KAZI NDIYO INAANZA: SOMO KUTOKA MSUMBIJI



Kuchoma nyumba ya jirani ni kazi ya kiberiti kimoja. Kurudisha ujirani ni kazi ya miaka mingi, na mara nyingi kazi hiyo huwaangukia watu wadogo kama sisi: akina mama, wazee wa kijiji, vijana, na vikundi vya kujisaidia. Wakubwa hutia sahihi mkataba, wakapigwa picha, wakaenda zao. Anayebaki kuchota maji kisima kimoja na mtu aliyemchomea nyumba ni wewe na mimi.

Katika somo hili tutaangalia nchi moja ya Afrika iliyopita njia hiyo, nayo ni Msumbiji. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni mbali kidogo na kwetu, kwa hiyo hakuna mtu katika kikundi atakayefikiri kwamba anasemwa yeye. Pili, Msumbiji ilifaulu katika mambo ambayo nchi nyingi zilishindwa. Tatu, kuna mahali iliposhindwa pia, na hapo tutajifunza zaidi. Wazee walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia chako maji.

Jinsi ya kutumia somo hili

Somo ni refu kidogo, basi mnaweza kulifanya kwa mikutano miwili. Mtu mmoja anayesoma vizuri asome kwa sauti, pole pole, sehemu moja moja. Baada ya kila sehemu, mwenyekiti aulize, "Tumesikia nini hapa?" kabla ya kuendelea. Kwa maswali ya mwisho, jigaweni katika vikundi vya watu watano au sita ili hata wale wanyamavu wapate nafasi ya kusema. Kama kuna watu walioumizwa na vita au mapigano ya kikabila kati yenu, msiwalazimishe kueleza yao. Akitaka kusema, msikilizeni. Akitaka kunyamaza, mwacheni.

1. Vita vilivyokuwa

Msumbiji ilipata uhuru kutoka kwa Wareno tarehe 25 Juni 1975, chini ya chama cha Frelimo na Rais Samora Machel. Haukupita muda, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, mwaka 1977 hivi. Upande mmoja ulikuwa serikali ya Frelimo. Upande wa pili ulikuwa waasi wa Renamo.

Nani alianzisha? Hapa tuwe waangalifu. Renamo iliundwa kwa msaada wa serikali ya Wazungu wachache wa Rhodesia, na baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, ikachukuliwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Kwa hiyo moto uliletwa kutoka nje. Lakini moto haushiki kuni mbichi. Ndani ya nchi kulikuwa na kuni kavu: wakulima wengi walikasirika kwa kuhamishwa kwenye vijiji vya pamoja, machifu wa kienyeji walinyang'anywa madaraka yao, na makanisa yalibanwa na kunyang'anywa mali. Ukimsikia mtu anasema, "Ni wageni tu waliotuharibia," muulize, "Na kuni kavu zilitoka wapi?"

Vita hivyo vilidumu kama miaka 15. Watu wapatao milioni 1 walikufa, wengine kwa risasi, wengi zaidi kwa njaa na magonjwa yaliyoletwa na vita. Watu kama milioni 5 walihama makwao. Kati yao, milioni 1.7 hivi walivuka mipaka wakawa wakimbizi, na zaidi ya milioni 1 walipokelewa na Malawi, nchi ndogo na maskini. Shule na zahanati zilichomwa. Watoto walichukuliwa kwa nguvu wakafundishwa kuua. Barabara na mashamba yakategwa mabomu.

2. Hatua ya kwanza: Kukubali kuketi pamoja

Kwa miaka mingi serikali ilikataa kuongea na Renamo. Iliwaita majambazi. Renamo nao walisema serikali ni ya wadhalimu. Ukimwita mwenzako jambazi tu, bila jina lingine, basi hakuna la kuongea naye. Utaongeaje na jambazi?

Viongozi wa makanisa ndio walioanza kuvunja ukuta huo. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikuwa Mndau, na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, alikuwa Mndau pia. Lugha moja ya nyumbani inaweza kufungua mlango ambao Kireno hakiwezi. Mwaka 1989 viongozi wa makanisa ya Msumbiji walikutana na wajumbe wa Renamo hapa kwetu Nairobi. Si mambo makubwa yaliyokubaliwa siku hizo, lakini watu waliokuwa wanaonana kupitia mtutu wa bunduki walionana uso kwa uso.

Mwezi Julai 1990 mazungumzo yenyewe yalianza Roma, Italia, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ni jumuiya ya Wakristo walei. Wapatanishi walikuwa wanne: Askofu Mkuu Gonçalves, Andrea Riccardi na padri Matteo Zuppi wa jumuiya hiyo, na Mario Raffaelli aliyewakilisha serikali ya Italia. Jambo la kwanza walilokubaliana lilikuwa dogo sana kwa maneno lakini kubwa kwa maana: kwamba wote ni wa jamaa moja kubwa ya Wamsumbiji. Ile lugha ya "jambazi" ikaanza kuisha.

Mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka 2. Huku Roma wanaongea, huku kijijini watu wanakufa. Ukame mkali wa 1991 na 1992 uliwabana wote wawili, maana hata jeshi halipigani kwa tumbo tupu. Mwishowe, tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walitia sahihi Mkataba wa Amani. Na ajabu ni kwamba bunduki zilinyamaza karibu nchi nzima.

Tuulizane hapa: Katika kijiji chetu, ni nani anayeaminiwa na pande zote mbili? Tunamtumia, au tunamwacha mpaka damu imwagike?

3. Hatua ya pili: Bunduki na wenye bunduki

Mwanamume mwenye umri wa miaka 25 ambaye kazi aliyojifunza ni bunduki peke yake, utamwambia nini? "Nenda nyumbani ukalime"? Atalima na jembe gani, na atakula nini mpaka mavuno?

Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wake Msumbiji mwisho wa mwaka 1992, chini ya Aldo Ajello kutoka Italia. Askari wa pande zote mbili walikusanywa katika vituo 49. Walisalimisha silaha, wakaandikishwa, wakapewa nguo za kiraia na nauli ya kufika kwao. Zaidi ya askari 70,000 waliachiliwa kutoka jeshini. Jambo la busara lililofanyika ni hili: kila mmoja alilipwa pesa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 2, na malipo yalichukuliwa katika benki iliyo karibu na kwao. Kwa hiyo askari wa zamani hakupewa fungu moja akalinywea pombe mjini. Alikuwa na sababu ya kukaa nyumbani, na mke wake na majirani walikuwa na sababu ya kumpokea.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1994, askari waliokawia kambini kwa miezi mingi walifanya ghasia. Lakini kazi ilimalizika, na mwezi Oktoba 1994 wananchi walipiga kura kwa amani. Chissano alishinda kwa asilimia 53, naye Dhlakama akapata asilimia 34 hivi. Renamo wakaingia bungeni na viti 112 kati ya viti 250. Mtu wa msituni sasa anabishana kwa mdomo. Hayo ni maendeleo.

Hata hivyo, bunduki nyingi zilibaki zimefichwa: nyingine zimezikwa shambani, nyingine ziko darini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa wazo la Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza mradi wa kubadilisha silaha kuwa zana. Wazo lilitoka katika Isaya 2:4. Someni wenyewe katika kikundi. Mtu alileta bunduki, akapewa cherehani, au baiskeli, au majembe, au mabati. Hakuulizwa aliitoa wapi, wala hakushtakiwa. Kijiji kimoja kilikusanya silaha nyingi hata kikapewa trekta. Bunduki zenyewe zilikatwa vipande ili zisitumike tena, na mafundi wa sanaa wakatengeneza viti, ndege, hata mti mzima kwa vyuma hivyo. Mti huo uko katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Angalieni hesabu ya mradi huo. Bunduki ya mwenye njaa ni chakula chake. Ukimnyang'anya bila kumpa kingine, umemwambia afe. Ukimpa cherehani, umempa njia nyingine ya kula.

4. Hatua ya tatu: Kurudi nyumbani, na shamba ni la nani?

Kati ya 1992 na 1996, wakimbizi karibu wote milioni 1.7 walirudi Msumbiji. Wengi hawakungoja lori la Umoja wa Mataifa. Walitembea wenyewe na mizigo kichwani, mara nyingi baba akitangulia kuangalia kama shamba lipo, kisha anarudi kuchukua watoto. Mashirika yalisaidia kwa mbegu, majembe, chakula cha kuanzia na visima.

Lakini kurudi kuna matatizo mawili: mabomu ya ardhini na shamba.

Mabomu hayajui kwamba mkataba umetiwa sahihi. Miaka mingi baada ya 1992, mama aliyekwenda kutafuta kuni alipoteza mguu. Watu wa kutegua walifanya kazi kwa mikono na vyombo vya kutambua chuma, na baadaye walisaidiwa na panya buku waliofundishwa huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya hunusa baruti bila kulipua bomu kwa sababu ni mwepesi. Shirika moja tu, HALO Trust, liliharibu mabomu zaidi ya 171,000. Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu hayo. Hesabuni wenyewe: vita vya miaka 15, kusafisha miaka zaidi ya 20.

Na shamba je? Hebu tufanye mchezo mfupi. Watu wawili wasimame mbele. Haya si maneno ya watu fulani. Ni mfano wa mambo yaliyotokea katika vijiji vingi.

MZEE: Hodi hapa.
MAMA: Karibu mzee. Sikufahamu, lakini karibu. Maji yapo.
MZEE: Asante, binti yangu. Huo mwembe niliupanda mimi, mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu.
MAMA: (ananyamaza kidogo) Baba, mimi nilikuta pori hapa. Nimelima misimu sita. Mume wangu nimemzika pale chini ya huo mwembe.
MZEE: Pole sana. Na kwenu ni wapi?
MAMA: Ng'ambo ya mto. Njia ya huko imetegwa. Ng'ombe wawili wamelipuka.
MZEE: Mimi nina watoto watano wananingoja barabarani, na mvua iko karibu.
MAMA: Na mimi nina watatu, baba.

Simamisheni mchezo hapo. Msiumalize. Ulizeni kikundi: Nani ana haki hapa? Kama nyinyi ndio wazee wa kijiji, na mvua inanyesha wiki ijayo, mtaamua nini?

Huko Msumbiji mashauri mengi kama hayo yaliamuliwa na wazee na machifu wa kienyeji, wale wale waliowahi kunyang'anywa madaraka. Walijua mwembe wa nani na kaburi la nani. Mara nyingi waligawa: huyu apate upande huu, yule apate pale, na yule wa ng'ambo ya mto apewe muda mpaka njia isafishwe.

Baadaye serikali ilitunga sheria mpya ya ardhi, mwezi Oktoba 1997. Ardhi ilibaki mali ya serikali, lakini sheria ilimpa haki ya kutumia mtu aliyekaa kwa nia njema miaka 10, na ikazipa jamii haki juu ya ardhi zao za mila hata bila hati. Ushahidi wa mdomo wa wazee na majirani ulikubaliwa. Na wanawake walipewa haki sawa na wanaume. Makanisa, vyama vya wakulima na walimu walizunguka vijijini kuwaelezea watu sheria hiyo kwa lugha zao, kwa michezo ya kuigiza na vitabu vya picha. Sheria isiyojulikana na mwananchi ni sawa na taa iliyofungiwa sandukuni.

5. Hatua ya nne: Kuponya mioyo

Mwezi huo huo wa Oktoba 1992, bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya msamaha. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mabaya ya vita. Pia hakukuwa na tume ya ukweli kama ile ya Afrika Kusini. Wakubwa walisema, yaliyopita si ndwele.

Lakini mama aliyeona mtoto wake akiuawa hasahau kwa kuamriwa na bunge. Kwa hiyo vijiji vilitafuta njia zao. Katika sehemu nyingi, kijana aliyerudi kutoka vitani hakuruhusiwa kuingia tu nyumbani na kuketi kula na wengine. Alipitishwa kwanza katika sherehe ya kutakaswa. Alioshwa kwa maji na dawa za miti, nguo alizovaa msituni zikachomwa moto, wazee wakatangaza mbele ya ukoo kwamba yule wa vitani amebaki huko, na huyu ni mtoto wetu. Makanisa nayo, hasa ya Kizioni, yalifanya maombi ya namna hiyo kwa njia yao. Wakristo wengine hawakubaliani na mila fulani katika mambo haya, na kikundi chenu kinaweza kujadili hilo kwa heshima. Lakini msikose kuona kiini chake: kijiji kizima kilikiri kwamba kijana ameharibika, na kijiji kizima kikachukua jukumu la kumrudisha.

Kuna watoto wa kiume 39 waliokuwa askari watoto wa Renamo, wakapelekwa mwaka 1988 katika kituo cha Lhanguene, Maputo. Wataalamu waliwafuatilia kwa miaka 16. Wengi wao walikua wakawa waume, baba wa watoto na wakulima wanaoheshimiwa na majirani. Ni nini kiliwasaidia? Jamaa waliowapokea, sherehe za kuwatakasa, kazi ya mikono waliyojifunza, na majirani waliokubali kuishi nao. Wale waliokaa vitani muda mrefu zaidi walipata shida zaidi. Ndoto mbaya hazikuisha kabisa, hata kwa wale waliofanikiwa. Mtu anaweza kupona na bado awe na kovu.

Tena, ukimya una mipaka. Katika wilaya ya Gorongosa, ambako vita vilikuwa vikali sana, baada ya vita watu wengi walianza kuugua, hasa wanawake, wakasema kwamba wanasumbuliwa na roho za askari waliouawa. Waganga walikusanya jamaa zote mbili, na pale pale, mbele ya watu, mambo ya vita yakasemwa: nani aliua, nani alisaliti, nani alipe. Sisi tunaweza kuyaelewa hayo kwa njia yetu. Lakini linaloonekana wazi ni kwamba, ukiufungia ukweli mlango, utatafuta dirisha.

6. Mahali amani ilipopasuka

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu. Kwa miaka 20 Msumbiji ilisifiwa kote duniani. Uchumi ulikua haraka. Lakini mwaka 2012 Dhlakama alirudi katika msitu wa Gorongosa, na mwaka 2013 risasi zikasikika tena, magari yakashambuliwa katika barabara kuu. Kulikuwa na mapatano mwaka 2014, yakavunjika, watu wakakimbilia Malawi tena. Dhlakama alifariki mwezi Mei 2018. Mwezi Agosti 2019 mkataba mwingine ulitiwa sahihi kati ya Rais Filipe Nyusi na kiongozi mpya wa Renamo, Ossufo Momade. Wapiganaji wa Renamo wapatao 5,200 waliokuwa wamebaki walirudishwa uraiani, na kambi yao ya mwisho ikafungwa mwezi Juni 2023. Miaka 31 baada ya mkataba wa Roma!

Kwa nini? Kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza, kazi ya bunduki haikumalizwa. Dhlakama alibaki na walinzi wenye silaha, na wapiganaji wengine wa zamani walizeeka bila pensheni, wakiwa na uchungu.

La pili, mwenye kushinda alichukua vyote. Hata katika mikoa ambako Renamo ilipata kura nyingi, magavana waliteuliwa na rais. Ni mwaka 2018 tu katiba ilipobadilishwa ili magavana wapatikane kwa uchaguzi. Mtu asiyepata hata kipande cha mkate ataanza kuangalia kisu.

La tatu, mali ya nchi haikuwafikia watu wa chini. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 ilikuwa imechukuliwa kwa siri, bila bunge kujua. Wanaolipa madeni hayo ni wananchi. Na huko kaskazini, katika mkoa wa Cabo Delgado, asili ya ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, kulipatikana gesi na vito vya thamani, huku vijana wa pale wakikosa kazi. Mwezi Oktoba 2017 kikundi cha vijana wenye silaha, waliojiita wapiganaji wa dini, kilishambulia mji wa Mocímboa da Praia. Vita hivyo vimewafanya watu wapatao milioni 1 kuhama. Hii si vita ile ya Renamo, lakini kuni kavu ni zile zile: kudharauliwa, umaskini, na kuona mali ikipita mlangoni kwako kwenda kwa wengine.

Kwa hiyo tusiseme kwamba amani ya 1992 ilikuwa ya bure. Mamilioni ya watoto walizaliwa, wakasoma, wakakua bila kusikia bunduki. Hiyo ni zawadi kubwa. Lakini amani ni kama nyumba ya udongo. Ukiijenga, lazima kila mwaka uikandike tena, la sivyo mvua itaingia.

7. Tunajifunza nini?

- Badilisheni majina. Upatanisho huanza pale adui anapoacha kuitwa jambazi na kuitwa jamaa. Angalieni majina mnayoitana sokoni na kwenye matatu.
- Mpe mtu kitu cha kushika badala ya silaha. Kijana asiye na kazi ni rahisi kununuliwa na mwanasiasa kwa noti ya mia mbili.
- Mambo ya shamba yaamuliwe mapema, mbele ya mashahidi, kabla mvua haijanyesha na kabla hasira haijapanda. Mwandike.
- Pokeeni anayerudi kwa utaratibu. Asiingie kimya kimya. Aongee na wazee, akiri, alipe anachoweza, halafu apokelewe wazi.
- Gawaneni. Kama mradi wa maji uko upande mmoja tu wa mto, amani pia itakuwa upande mmoja.
- Msichoke. Kazi ya amani haiishi siku ya sherehe.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kukumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa hapa kwetu na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wengine hawakurudi tena kwenye mashamba yao. Katika vijiji vingine, waliochoma na waliochomewa wanauza maziwa kwa chama kimoja cha ushirika na bado hawajaongea juu ya siku zile.

Maswali ya majadiliano

1. Ni kuni gani kavu zilizopo katika eneo letu leo? Zitajeni bila kutaja kabila wala mtu.
2. Kati ya hatua nne za Msumbiji, ni ipi ambayo sisi tumeiruka?
3. Serikali ya Msumbiji ilisamehe wote bila kuuliza ukweli. Je, ilikuwa vizuri? Nani alifaidika, na nani alibaki na mzigo?
4. Kama mtu aliyewakosea wakati wa fujo angeomba kujiunga na kikundi chenu, mngemwambia nini? Angepaswa kufanya nini kwanza?
5. Je, kamati yetu ina watu wa pande zote za kijiji? Kama hapana, kwa nini?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Chagueni ugomvi mmoja mdogo wa mpaka, wa maji au wa malisho, ambao haujafika polisi wala mahakamani. Tumeni watu watatu, mmoja akiwa mama na mmoja kijana, waende kusikiliza upande mmoja, halafu upande wa pili. Wasiamue kitu. Wasikilize tu, na waulize kila upande: "Ungependa mwenzako ajue nini?" Katika mkutano ujao watueleze walichosikia, ndipo tutafute mzee au mama anayeaminiwa na wote wawili, tumwombe awaite pamoja.

Pia, kila mwanachama ajaribu jambo moja: awapelekee salamu watu wa nyumba moja ambayo hajaingia tangu fujo ilipotokea. Si lazima kuongea mambo ya zamani siku hiyo. Chai moja inatosha kwa kuanzia.

Somo lijalo litahusu kuandika mapatano ya kijiji juu ya maji na malisho. Leteni kalamu na daftari la kikundi.